Gesi Yetu ya Nuu

Jumapili, 6 Septemba 1987

Muthama ameuza dume letu la kuvuta plau! Mume wangu mwenyewe – na habari nimepata kanisani. Mbinya, jirani yangu, alininong'onezea katikati ya wimbo wa mwisho. Nikasahau maneno ya wimbo.

Nyumbani nikamuuliza: mvua ikija tutalima na nini? Akasema huu si wakati wa kuongea mambo ya jembe. Yeye na Gabow wamenunua shamba kule karibu na mto mkavu, pale watu wa kampuni moja wanataka kutafuta gesi. Ikipatikana, kampuni itawalipa kodi miaka na miaka. Gabow ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa. Mtu mwerevu. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Jumatano, 9 Septemba

Mkutano wa wenye gesi, hapa hotelini kwangu. Wanachama wawili. Muthama ni mwenyekiti, Gabow ni makamu. Wa kuongozwa hakuna!

Gabow anasema gesi ni mfugo mzuri kuliko mbuzi: haili, haiugui, haipotei porini. Muthama anasema Nuu yetu hapa itakuwa na taa za barabarani. Nikauliza – barabara yenyewe iko wapi? Muthama akanigeukia: "Mama Ndinda, wewe pika chapati. Maendeleo tuachie sisi."

Nimepika. Nimewapa zile zilizoungua. Wenye gesi wazoee moto.

Jumanne, 29 Septemba

Mashini ya kampuni imefika pamoja na injinia, na imeanza kuchimba. Kelele mpaka huku sokoni. Muthama anaenda kuiangalia kila asubuhi na tai shingoni. Tai, kwa jua hili!

Ijumaa, 9 Oktoba

Gabow ametoka msikitini akaja mbio mpaka mlangoni. "Imetoka! Nuseni!"

Tukanusa. Kweli, kulikuwa na harufu – kama ya mayai mabovu, vile injinia alivyosema gesi nyingine hunuka. Muthama akanishika mkono mbele ya wateja. Hajafanya hivyo tangu harusi!

Mbinya akazunguka nyuma ya jikoni, akafunua pipa la taka. Mayai. Yangu!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Gabow naye alicheka, akifuta machozi na kilemba. Muthama hakucheka. Baadaye, akila, aliuliza polepole: "Radio inasema mvua lini?" Nikaacha kucheka. Sikujua ameanza kuogopa.

Jumatano, 21 Oktoba

Gesi hakuna. Injinia amesema wazi, hakuna hata ya kuwasha sigara. Kilichotoka ni maji. Maji! Yanaruka yenyewe kutoka kwa ile shimo. Nimeonja: chumvi kidogo tu.

Wanaume wangu wawili wamekaa kwa jiwe kama wamefiwa. Watu wanapita mbele yao na madebe, wanawasalimu, hawaitiki.

Injinia amewaeleza hivi. Kesho lori italeta simiti ya kuziba shimo, ndivyo kampuni hufanya pasipo gesi. Wakikubali shimo izibwe, kampuni itawalipa kwa usumbufu – inatosha kununua dume lingine. Wakikataa, basi, kampuni inaondoka na hakuna malipo.

Wamekubali papo hapo. Nimetaka kusema kitu. Nimekumbuka shamba letu halijalimwa. Nimerudi hotelini.

Alhamisi, 22 Oktoba

Naandika nikiwa nimekalia debe, kwa laini ya maji. Hoteli nimefunga – chai nipike na nini, na maji yote yako huku?

Lori imefika, injini inanguruma. Muthama alikuja nayo, amekaa mbele na dereva, amejaa kama chifu. Kisha akaona laini. Mbinya. Wamama wa kanisa wote. Watu wa mbali, na punda wao. Na Gabow! Gabow, makamu mwenyekiti, aliyekubali simiti jana, ameleta mbuzi zake zote zinywe kabla shimo haijazibwa.

"Wewe pia?" Muthama amemuuliza.

"Bwana, mimi nimekubali. Mbuzi hazikuulizwa."

Nimejiuma midomo. Muthama ameniangalia – mimi, mke wake, kwa laini na debe. Sikusema neno. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nafikiri.

Ameshuka kwa lori. Amesimama mbele ya lori kabisa. "Ngoja kwanza," amemwambia dereva. "Watu hawajamaliza kuchota."

Dereva anauliza watamaliza saa ngapi.

Muthama amegeuka kuangalia mwisho wa laini. Imepita kona, na vumbi la watu wengine linakuja. "Hata mimi sijui," amesema.

Injinia anamwita kando. Muthama amekataa kusonga. Laini imesogea – ni zamu yangu kuchota, naacha kuandika.