Mkuyu wa Mtoni Usikatwe

Baba mpendwa,

Nasema wazi kabla hata ya salamu: mkuyu ulio mtoni kwetu ni wa ukoo mmoja na miti iliyopandwa na wanadamu tangu enzi za kale kabisa, na kuukata ni kosa. Dai hilo nitalitetea.

Sasa nikujulie hali. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko nyumbani Masii, au mmepanda kwenye vumbi? Mimi ni mzima, ingawa kazi ya shamba hapa Misri inachosha na jua la mchana ni kali.

Ulinieleza kwa simu kwamba mwenye msumeno atakuja kabla ya Pasaka, kwa kuwa babu zetu walichinja mbuzi wa tambiko chini ya mti huo, nawe ni mzee wa kanisa. Nilipopinga ulinicheka: "Kumbe digrii ya kilimo ni ya kubishana na baba yako." Baba, ubishi nimeurithi kwako.

Juzi msimamizi wetu, Hassan, alinipa kuyu, tunda la mkuyu wa huku. Nikalipasua na kulipuliza, kama tufanyavyo huko tangu utotoni. Wenzangu wakaangua kicheko.

"Unalipoza, bwana? Hiyo si chai."

"Natoa wadudu."

"Wadudu gani?" Hassan akauliza. "Sisi tunalichanja kwa kisu likiwa bichi, linaiva kabla wadudu hawajakaa ndani. Hata mbegu halina."

Kweli, halikuwa na mbegu. Wadudu wa huku hutaga mayai tu; nyigu mdogo anayerutubisha makuyu hayupo huku, yuko kwetu. Mti usiozaa mbegu hausafiri wenyewe. Wataalamu wanaeleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita mkuyu uliletwa Misri kutoka kusini, katika Afrika yetu, ukaenezwa kwa kupanda matawi, hata wakuu wakazikwa katika majeneza ya mbao zake. Binamu yake, mtini, huenda ulipandwa katika bonde la Yordani hata kabla ya ngano. Huo ni ukulima, Baba, si ushirikina. Mbuzi walichinjwa na watu, mti haukuwaomba.

Nikirudi mwezi wa nane nitapanda matawi yake kando ya mto, niyachanje makuyu, tuyapeleke sokoni. Lakini matawi hayo yatatoka wapi, ukishaukata?

Nisalimie Mama, shangazi Ndunge wa duka la nguo, na dada yangu Mwende.

Usinijibu kwa simu. Jumapili baada ya ibada, simama mbele ya washirika, uwasomee barua hii yote, kisha uwaeleze ni hoja ipi uliyoiangusha. Ukikosa hata moja, mrudishe mwenye msumeno kwake.

Mwanao anayekuheshimu na kukupinga,
Mutua