Kamera Iliyofungwa Juala

Ghorofa ya tatu, nyuma ya soko,
Huruma, Nairobi.
19 Oktoba 2024

Mpendwa ndugu yangu Odera,

Pokea salamu kutoka kwangu dada yako Awiti na wanangu wawili. Hujambo? Baridi ya huko Edmonton imeshaanza kukung'ata? Kifua chako je? Vaa soksi mbili, usijifanye mwanamume. Sisi hatujambo, ila mvua za vuli zimeanza na ukuta wa chumba cha kulala unatiririka maji kama kawaida. Mwenye nyumba hana habari.

Najua unasubiri filamu ya mazishi ya Mama. Umeniuliza mara tano, na mara tano nimekudanganya kwamba bado naihariri. Hakuna cha kuhariri, ndugu yangu. Lorraine wa jirani anasafiri kuja huko Jumanne, nami nimempa flashi yenye filamu hiyo ndani ya bahasha hii. Soma kwanza, ndipo uitazame.

Mwaka wa tisa sasa hujauona uso wa Mama, na makaratasi yako yakakuzuia kuja kumzika. Uliniambia kwa simu, "Awiti, nirekodie yote, hasa jeneza likifunguliwa. Nitamzikia hapo." Nikakuahidi. Si ndiyo kazi yangu? Nimerekodi mazishi ya watu wa Huruma mpaka Kariobangi, nishindwe na ya mama yangu?

Nimeshindwa.

Ile kamera uliyonitumia mimi huiweka na vipakiti vidogo vya chembechembe vya kunyonya unyevu. Mwezi wa nne, baada ya ile harusi niliyoirekodi wakati wa Pasaka, Mama akiwa kwangu, aliviona ndani ya mkoba. Wee! Akadhani ni sumu ya panya, ile ya wachuuzi hapa barabarani, akavitupa chooni wajukuu wasije wakavila. Kisha akaionea huruma kamera kwa sababu ya ule ukuta. Akatoa juala lake, lile la zamani la plastiki lililopigwa marufuku, alilokuwa akilificha chini ya godoro kama hati ya shamba, akaifunga humo na kupiga fundo lake la kufungia dagaa wa omena. Unalijua fundo hilo. Halifunguki.

Aliniambia yote hayo mwenyewe, akijisifu. Nami nikacheka. Najua vizuri kwamba juala hufungia unyevu ndani, lakini sikulifungua, wala sikununua vipakiti vingine. Nilisema asante Mama, nikaendelea kupika. Mwezi wa tano akaanza kuugua, nikaacha kazi nimuuguze, na kamera ikakaa humo mpaka mwezi wa nane alipotuacha.

Asubuhi ya kumpeleka nyumbani Siaya nililikata juala kwa wembe, nikabeba kamera, tukaondoka. Juani, kwenye kile kioo kidogo cha kamera, picha ilionekana sawa. Niliporudi na kuitazama kwenye televisheni, ai, Odera! Ukungu mtupu. Watu wanatembea kama wamo ndani ya mvuke wa sufuria. Siku hiyo kulikuwa na jua la kupasua kichwa, lakini wewe utadhani tulimzika katikati ya masika.

Na pale jeneza lilipofunguliwa, kwenye uso wake, kuna nukta tatu nyeupe zinazong'aa. Shangazi Adoyo alipoziona alipiga magoti. Eti ni nyota, Mama anatuaga. Nami nililishikilia hilo, nisikufiche. Wiki nzima nilikuwa nikirudisha filamu nyuma ili nizione tena.

Kisha nikampelekea kamera Gedi, fundi wangu wa Eastleigh. Alimulika kwa tochi, akanionyesha kuvu lilivyotambaa ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Limeshakula kioo. Hata angebadilisha lenzi, kilichokwisha kurekodiwa ndicho hicho. Nikamwuliza habari za nyota. Alifunika lenzi kwa kifuniko chake, akaiacha kamera irekodi giza mpaka ikapata joto. Zikatokea, zote tatu, mahali pale pale. Ni sensa, lile jicho la ndani linalopokea picha. Lina sehemu mbovu, na likipata joto hizo huwaka zenyewe. "Pole, dada," akaniambia. "Hizi ni za kamera tu."

Mama hakutuaga, Odera. Shangazi sijamwambia, nawe usimwambie.

Watu hunituliza kwamba yaliyopita si ndwele. Hii yangu ni ndwele, naamka nayo kila siku. Usinitumie kamera nyingine, tafadhali. Nikiwa nayo nitafanya nini? Mama hazikwi mara mbili.

Sauti imetoka safi. Utasikia nyimbo, utamsikia mjomba Odero akilia kama mtoto, utasikia udongo ukianguka. Uso hutauona.

Shangazi Adoyo anakusalimu sana, na mjomba Odero, na Mulama wa dukani hapa chini, ambaye bado anauliza utarudi lini.

Juala sikulitupa. Nililikata ubavuni, kwa hiyo fundo halikuguswa. Liko vilevile kama lilivyokazwa na vidole vya Mama. Nimelitia humu pamoja na flashi. Hiyo filamu itazame au uiache, ni hiari yako. Fundo usilifungue.

Mungu wa Mama akufunike huko uliko.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekukosea,

Awiti