Mfuko wa Mwisho wa O

Jumatatu, 3 Juni
Kahawa baadaye. Kwanza frigo ya damu hapa maabara. Baridi iko sawa. Jua la jana lilizijaza betri vizuri. Mfuko wa damu ya kundi O umebaki mmoja, aliotoa Papa Saidi, muuza mchele wa Kibombo. Muda wake unaisha Ijumaa.

Nilitoa tone kwenye kipande cha mrija wake, nikalitazama kwa hadubini. Chembe nyekundu zilipoingia zilikuwa kama maandazi yaliyobonyezwa katikati. Leo zina miiba kama stafeli. Baridi imezichosha. Zinavuja chumvi, na hewa zinayobeba zinaing'ang'ania badala ya kuiachia. Ila zi hai, kwa sukari kidogo tu tuliyozitilia. Mimi nikikosa chakula cha mchana, nyumba nzima inajua.

Jumatano, 5 Juni
Siku mbaya. Zaituni wa Kailo amejifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Kundi lake O. Mfuko ni ule ule uliochoka.

Mama mkwe wake, Mama Feza, aliutazama akakunja uso.
"Damu ya baridi, njo ya maiti. Munitoboe miye, nimupe yenye iko moto."

Sikumcheka. Wakati wa vita, umeme haukuwepo, alilala hapa hapa hospitalini akatolewa damu, ikaingia kwa kaka yake ikiwa bado na joto. Kaka yuko hai mpaka leo, analima huko Mikelenge. Lakini Mama Feza ni A. Nilimweleza kwamba A haiingii kwa mtu wa O.

Kwetu ndugu wa mgonjwa ndiye anayebeba mfuko toka maabara mpaka wodini. Nikampa. Kosa hilo nilipaswa kuliona mapema! Muuguzi akaja mbio: damu iko wapi? Nikamkuta Mama Feza jikoni nyuma ya wodi, mfuko ameufunga tumboni kwa kitenge, anangoja maji yachemke autumbukize. Niliuchukua upesi. Maji ya moto yangezipasua chembe zote, na O nyingine hatuna.
"Nilitaka iamuke," alisema.

Nilikuwa na hasira. Pia nilitamani kumkumbatia. Mfuko ulikuwa mzima. Damu inaingia sasa, polepole. Naogopa. Chembe zilizochoka zitakufa nyingi njiani. Zitakazobaki, zitaweza?

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi Zaituni bado amepauka, midomo kama majivu. Sikula.

Mchana akaomba maji. Jioni akamtaka mtoto.

Nimesoma hayo miaka yote na bado yananishangaza. Zikirudi kwenye mwili wenye joto, chembe zinakumbuka kazi. Hazihitaji maji ya moto ya mtu. Zaituni mwenyewe ndiye aliyeziamsha.

Ijumaa, 7 Juni
Frigo haina O. Leo ule mfuko tungeutupa.

Jumanne, 11 Juni
Mama Feza amerudi, peke yake. Zaituni yuko nyumbani, ananyonyesha. Mama Feza akaunyoosha mkono atolewe damu, bila kuuliza itakuwa ya nani. Nikamwambia yake ni A, itakwenda kwa mtu asiyemjua.
"Si naye ana mama?"

Mfuko ulipojaa aliubeba mwenyewe mpaka kwenye frigo. Akauliza italala upande gani. Nikamwonyesha. Akaulaza taratibu, akavua kitenge cha begani, akataka kuufunika.

Nikamwambia hapana, mama, iache isikie baridi. Akakubali. Mlango akaufunga yeye.