Kovu la mtoto wa mchoma samaki

Mwanangu Yohana,

Mmeamkaje na baridi ya Kalinzi? Huku Ujiji ni joto, na migebuka ni mitamu. Anayetuchomea ni mama mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa. Alimwona mjukuu wangu akitokwa jasho kwa kunyonya tu, akasema, "Bibi, huo ni moyo. Wangu alikuwa vilevile." Akafunua shati la mwanawe: kovu limenyooka kifua kizima. Nikalipapasa. Kitoto kikanisukuma, kikaninyang'anya samaki, kikakimbia.

Wewe ulikataa mwanao asipasuliwe. Mimi na mkeo tumewakubalia madaktari, na kesho tunapanda treni kwenda Dar. Nuna ukitaka, lakini ule ushibe na utuombee.

Mama yako