Kiberiti Mlangoni pa Kanisa

Dominiki,

Zamani ungeniamkia nami ningeitika marahaba. Leo usiniamkie. Arobaini yako imepita, wageni wamerudi kwao, na mimi nimebaki na hasira ambayo sina wa kumpa ila wewe.

Ni ile picha yako ya masomoni Urusi. Jumapili ile mlitembezwa mjini kuona mambo: mkala aiskrimu kwenye baridi, mkapanda mnara, mwisho mkafikishwa kwenye kanisa kubwa ambalo wenyewe wameligeuza makumbusho. Wenzako waliingia. Wewe ukakataa, eti kiingilio ni bei ya bia. Ukabaki mlangoni penye upepo, kichwa umekiinamisha, viganja umevikutanisha mdomoni. Rafiki yako mmoja akageuka akakupiga picha.

Mama aliipokea hapa Ushirombo akalia. Akasema, ng'wana wane, mwanangu, anasali, kanisa limejaa mpaka watu wanasalia nje. Akaitundika chini ya msalaba.

Uliporudi ulinivuta jikoni ukacheka mpaka ukakohoa. "Dada Terezia, sala gani? Nilikuwa nawasha sigara! Usimwambie Mama." Basi. Ukanitwika siri hiyo, ukaenda zako Shinyanga, na huko Ibadakuli ulikokaa miaka yote kanisani hukuonekana hata Krismasi. Mama akiuliza, unasema kazi.

Halafu ukafa. Homa ya siku chache tu, mtu mzima, hata hukutuita.

Padri alikuja msibani akasema wazi kwamba sakramenti umeziacha kwa hiari yako, tukuzike wenyewe, misa hakuna. Mama hakubishana. Aliingia ndani akatoka na picha ameifunga kwenye khanga. "Padri, mtazame mwanangu." Padri akatazama, akatazama, kisha akanigeukia. "Terezia, wewe unasemaje?"

Mimi, Dominiki! Mimi ninayefundisha watoto komunyo ya kwanza! Mama amenikazia macho. Nikasema, "Padri, ndiyo picha aliyotutumia." Sigara sikuitaja.

Ukapata misa. Ukapata kwaya na ubani. Mimi tangu siku hiyo napanga mstari wa komunyo na uongo huo, na wewe umelala zako.

Sasa kila jioni Mama anasali rozari mbele ya picha hiyo. Anawaita wajukuu: tazameni mjomba wenu, hivi ndivyo mtu anavyomwomba Mungu. Wanainama kama wewe, mikono mdomoni kama wewe. Nami napiga magoti kati yao, mbele ya sigara yako. Nakuchukia, ndugu yangu. Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukinifuata njiani unipokee ndoo ya maji, na hilo ndilo linanikasirisha zaidi.

Haya, lala. Mama sitamwambia, na picha sitaishusha ukutani. Kila Jumapili nitakutaja kwenye misa, meno nimeyauma, wala siyo kwa sababu umestahili. Mama amezeeka. Siku atakayofika huko atakutafuta kwa mkao ule ule anaoujua. Anza kujizoeza mapema, Dominiki. Inama. Akukute hivyo, na mikononi usiwe na kitu.

Dada yako,
Terezia