Kisima cha Mzee Galgalo

Kuze, Mombasa

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai hapo Lamu kwa shangazi u mzima na goti limepoa. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Mama anakusalimu sana. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kwa huruma, nami sistahili huruma kabla hujanisikia.

Unazikumbuka zile ramani kuukuu za kaskazini tunazouza dukani Ndia Kuu, zenye mistari ya vilima na majina ya visima. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja wa Tudor, Darmi, mzaliwa wa Marsabit. Alinieleza kwamba babu yake alichimba kisima, na wapima ardhi wa zamani wakaandika jina la babu huyo kwenye ramani. Sasa ukoo mwingine unadai kisima ni chao. Akaniomba nikitafute, naye angemleta baba yake, Mzee Galgalo, aje aone. Nikamwahidi.

Mzee alikuja, Baba, kwa basi kutoka kwao, miguu imemvimba. Nilizitandaza ramani mezani. Darmi akawa anamsomea majina, naye anatabasamu: hapa nilichunga ngamia, hapa nilimwoa mama yako. Zikamalizika. Akaniuliza kama kuna nyingine. Nikasema hakuna, na kisima hicho hakikuandikwa popote. Akasema polepole, “Basi mwanangu, huenda nimesahau mimi.” Akanishukuru kwa chai, akarudi kwao.

Baba, kisima kilikuwepo.

Nilikuwa nimekiona siku chache kabla hajafika, jina limeandikwa wazi chini ya kilima. Akaja mpambaji wa hoteli mwenye haraka, akaipenda karatasi ile ile. Nikajiambia mzee wa mbali vile hatakuja. Nikaikata kwa mkasi, nikavitia fremu vipande vyake, akaondoka navyo. Mzee aliposimama mbele yangu, niliona aibu kusema nilichofanya, nikaona heri aonekane yeye amekosea.

Alhamisi nilikwenda Tudor nikamwambia Darmi yote. Hakunifokea. Alisema baba yake ameshasimama mbele ya wazee wa kwao, akasema kumbukumbu zake hazifai tena, na asiulizwe habari za kisima. Kisha akanifungulia mlango nitoke.

Nimemtafuta yule mpambaji. Vipande vimeshasafirishwa ng’ambo. Sina cha kuonyesha ila mdomo wangu. Jana Darmi alinipigia. Wazee watakutana tena, naye amekubali kunipeleka. Tunaondoka Jumatatu. Nitawaambia kwamba jina nililisoma kwa macho yangu, na kwamba aliyesema uongo ni mimi. Tafadhali usimtume mtu anisemee.

Nisalimie shangazi na wote wa nyumbani. Niombee dua, Baba, nisije nikanyamaza tena. Nakubusu mikono.

Mwanao,
Jannat