Vidole Juu ya Sanduku la Gervas

Alhamisi. Tangu asubuhi mawingu yamekaa tu juu ya Shanwe, hayanyeshi na hayaondoki. Joto la kunata. Nimeoga mara mbili na bado najisikia mchafu, na uchafu wenyewe najua si wa kutoka kwa maji.

Leo naandika yote. Nimechoka kuandika nusu.

Mdogo wangu Gervas alifariki mwezi uliopita kwa ajali ya pikipiki, akitoka Mishamo na gunia la maharage. Simu yake ilirudi ikiwa na ufa kwenye kioo, nikakabidhiwa mimi niitunze hadi siku ya kugawa vitu vyake. Ndani ya simu kuna lile gemu lake. Vigae vyeusi vinashuka kwenye kioo pamoja na muziki, wewe unavigonga kwa kufuata mpigo, na ukikosa kimoja tu umetoka. Gervas hakuwa anaishika simu mkononi. Aliilaza juu ya sanduku lake la bati, akagonga kwa vidole vinne, na sanduku likawa linaitikia nyumba nzima: tuku tuku, tuku. Mama alikuwa akimfokea kila siku. Mimi nilikuwa namwita fundi bati.

Sasa hapa nyumbani hakuna muziki. Hadi tanga lianuliwe redio haiwashwi, na sabufa tumeifunika kitenge. Mama analala chini sebuleni tangu siku ya msiba. Ndiyo taratibu zetu, mfiwa harudi kitandani mwenyewe, anainuliwa na ndugu, na Baba Mkubwa anakuja Jumapili kutoka Kasekese kumwinua. Nilikuwa nahesabu siku, kwa sababu saruji haina huruma na mtu mzima. Kifua kinambana na miguu imeanza kuvimba.

Sasa kosa langu.

Bosi wangu wa steshenari alinionea huruma, akawa ananiruhusu kutoka saa kumi badala ya saa kumi na mbili. Sikumwambia Mama. Nilitaka masaa mawili ya kutoangaliwa na mtu. Nikawa napita uani, ambako chumba cha Gervas kina mlango wake, naingia, nazima sauti ya simu ili nisivunje mwiko wa msiba, nailaza juu ya sanduku, nacheza. Bila muziki unaona tu vigae vinashuka, wimbo unauimba mwenyewe kichwani. Niseme ukweli, sikuwa nacheza ili kumkumbuka. Nilikuwa nimechoka kulia.

Nilikumbuka kuzima muziki, nikasahau sanduku. Nyumba yetu haina dari, kinachosikika chumba kimoja kinavuka juu ya ukuta hadi kingine.

Siku ya tatu, nilipoingia sebuleni saa kumi na mbili kama mtu anayetoka kazini, nilimkuta Mama anakula ugali. Tangu mazishi alikuwa anakunywa uji tu, tena kwa kubembelezwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wako anakuja, mwanangu. Saa za jioni hivi. Anagonga lile sanduku lake."

Nilitakiwa niseme palepale. Nikaiangalia ile sahani, imebaki nusu.

Nikamsogezea bakuli la mboga.

Kesho yake nikagonga tena, na safari hii nilikuwa namgongea yeye. Siku iliyofuata pia. Nikaanza kuwahi nyumbani ili nisimcheleweshe. Mama naye akaanza kumsemesha. Mimi nipo upande huu wa ukuta, vidole kwenye kioo, namsikia anampa habari: kuku mweupe kahamia kutaga jikoni, jirani kaleta kisamvu, dada yako amekonda siku hizi. Anaongea kwa upole ambao mimi hajawahi kuniongelesha nao. Nilisikia wivu. Nimemwonea wivu marehemu, Mungu anisamehe.

Juzi akauliza, "Gervas, baba, una njaa?"

Vidole vyangu vikagonga mara mbili. Sikupanga. Baada ya muda nikasikia miguu yake ikijiburuta uani, ikasimama, ikarudi. Nilipofungua nikakuta sahani mlangoni imefunikwa sahani nyingine, wali na maharage, bado wa moto. Nikala. Nilichuchumaa nyuma ya mlango nikala chakula cha mdogo wangu hadi punje ya mwisho, ili Mama asiikute sahani imejaa.

Tangu siku hiyo nakiogopa kile chumba. Najua ni mimi ninayegonga, hakuna mwingine, na bado nikiinua vidole nabana pumzi kusikiliza kama sanduku litanyamaza.

Leo asubuhi Baba Mkubwa kapiga simu kupanga mambo ya Jumapili. Nikaweka spika ili wasikilizane. Mama akamkatisha kabla hajamaliza salamu za nyumbani kwake.

"Nyie mnataka kuanua tanga la nani, shemeji? Mtoto hajaondoka. Mimi siinuki."

Baba Mkubwa alijaribu kucheka. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti nyingine kabisa, "Sesilia, ongea na mama yako. Kwenye ile sakafu tutamzika na yeye." Simu ilipokatika Mama alijaribu kukaa, akashika ukuta, akashindwa, akajaribu tena.

Kazini leo nimetoa kopi za mtihani kichwa chini miguu juu, seti nzima.

Saa kumi sikupita uani. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikakaa sakafuni karibu na godoro lake, nikamwambia yote. Hakuniamini. Akasema nimemwonea gere mdogo wangu tangu utotoni, na hapo hakukosea sana. Basi nikaenda nikalileta sanduku, nikalaza simu juu yake, nikagonga mbele ya macho yake. Tuku tuku, tuku.

Nilitegemea atanipiga. Ningeshukuru.

Aliviangalia vidole vyangu hadi kigae kimoja kikanipita na mchezo ukaisha.

"Na chakula?"

"Nilikula mimi, Mama."

Hakuwa na hasira, aliuliza taratibu tu, kama mtu anayeulizia njia.

"Kwa hiyo tangu tumzike, hajaja hata siku moja?"

Nililia mimi, yeye hakulia. Akageukia ukutani akasema, "Mwambie baba yako mkubwa aje."

Nimeshampigia. Ameshukuru, ameniita mtoto mwenye akili. Jumapili watamshika Mama mikono wamwinue kutoka sakafuni, na hilo ndilo nililolitaka, nijikumbushe. Lakini ugali wa jioni umepoa pale pale nilipouweka, na uji nao ameukataa. Ndugu wanakuja kumaliza msiba ambao kwa Mama umeanza leo, saa kumi na dakika chache, na aliyemletea taarifa ni mimi.